Kwetu nyama haipikwi na hakuna anaelala na njaa

Kila ikiingia kusi naanza kuulizwa maswali yale yale. Pepo zikishaanza kupiga, kama mwezi wa sita hivi mpaka wa tisa, bahari inachafuka, ngalawa na vidau vinabaki pwani na samaki pale sokoni Darajani, hapa Unguja, anakuwa wa kuangaliwa tu, unamtazama anakutazama halafu kila mtu anashika njia yake. Hapo ndo mashoga zangu wananikumbuka. Simu zinaanza, we bibi we unapika nini hata hushughuliki na samaki, hebu nambie leo nipike nini watoto wakubali. Nawajibu, lakini kwenye simu haimaliziki, kwa hiyo leo nimekaa niandike kwa pamoja, atakaesoma asome, na atakaetaka kuruka aruke moja kwa moja kwenye biringani la kupaka huko chini ambalo ndo hasa nnalojivunia.

Kwetu haipikwi nyama wala kuku wala samaki, miaka mingi sasa. Mayai yapo, maziwa yapo, samli ipo tena ya kutosha. Na nasema mapema kabla hamjaanza kunitumia mawaidha, sijaharamisha kitu mie, alichohalalisha Mungu mie nani nikiharamishe, ni vile tu toka mdogo nyama hainipandi na harufu ya samaki mbichi inanikinaisha, na nilipotaka kuolewa nikamwambia mwenzangu mapema kabisa kwamba jikoni mwangu mambo ndo haya. Akasema yeye anachotaka ni wali ulioiva. Basi akitaka samaki wake wa kukaanga anakula kwa mama yake au kazini, akirudi anakuta kunde za nazi, anakula na anaongeza. Watoto vile vile, mkubwa akienda kwa bibi yake anakula pweza kama kawaida, mdogo hataki hata kumuona. Hakuna anaelazimishwa. Ila sufuria ya nyumbani ni ya mboga.

Sasa wengi wakisikia hivo wanafikiri nashinda mtandaoni natafuta mapishi ya kizungu na vyakula vya kwenye kopo vyenye majina siwezi kuyatamka. Wala. Chukua chakula chetu hiki cha visiwani, toa nyama, toa samaki, halafu angalia kilichobaki: muhogo wa nazi, majimbi, viazi vikuu, ndizi mbichi, shelisheli, boga, kunde, mbaazi, choroko, fiwi, njugu mawe, mchicha, kisamvu, matembele, bamia, mabiringani, chapati, vitumbua, mkate wa kumimina, na hapo sijaingia kwenye vitafunio vya jioni. Upungufu hatuna. Ila kuku tunamuamkia asubuhi, tunamroweka kwa thomu (kitunguu saumu) na tangawizi na ndimu, tunamkaangia vitunguu mpaka vishike rangi, halafu mchicha tunautupia sufuriani saa sita na nusu na tungule (nyanya) moja na chumvi, ukitoka mbaya tunasema aa mboga haina ladha. Itapata wapi ladha na hujaipa kitu? Kunde zipe jitihada ile ile unayompa kuku wa mgeni, uone kama kuna atakaeuliza nyama iko wapi.

Alieuliza ni mmoja tu, mama mkwe. Sasa huyu ni mtu wa Kojani, na anaeijua Pemba anawajua watu wa Kojani, uvuvi umo kwenye damu, chakula bila samaki kwake ni kama hakijaisha kupikwa. Mwanzo mwanzo akija kututembelea anakaa jikoni na mie, anafunua sufuria, anafunika. "Mwanangu, humu ndani mwanangu anakula nini?" Namwambia anakula chakula mama. "Chakula kipi, nimefunua hapa sijaona kitoweo." Na safari iliyofata akaja na ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, kamfunga kwenye gazeti, kipande kidogo tu anasema, cha kutia kwenye kunde zipate harufu.

Na mnajua nini, hajakosea. Ng'onda kwenye kunde au kwenye mchicha anafanya kazi kubwa, anatia chumvi, anatia ule ukali ukali wa jua, anafanya mchuzi uwe na kina, na mtu aliezoea hivo ukimpa kunde za kuchemsha na chumvi lazima aone kuna kitu kimetoka na hakijarudishwa. Kwa hiyo badala ya kubishana nae nikakaa nikafikiri, kile anachotia ng'onda mie nitakipata wapi. Chumvi rahisi. Ule uzito nikaupata kwenye tungule, usizikate mbichi, zichome kwanza juu ya moto mpaka ganda liungue ndo uzimenye uzitwange. Na vitunguu usivikaange mpaka vilainike tu, vikaange viwe vya kahawia kabisa, uvumilie. Na nazi kidogo iliokunwa uikaange kavu kwenye karai bila mafuta mpaka iwe rangi ya mdalasini, uitwange kwenye kinu, kijiko kimoja unakitia mwisho mwisho. Na ukwaju. Ukifanya hivi vyote kunde zako zitakuwa na ule utamu wa ndani ambao watu wanaufata kwa ng'onda. Mama mkwe alipoonja alisema "si mbaya". Msiomjua hamuelewi, lakini huyu mama sifa huwa hazimtoki.

Haya, nazi. Hapa mnivumilie.

Chakula cha mboga cha kwetu kinasimama na kuanguka kwa tui, na mtu akiniambia kunde zangu hazitoki nzuri swali langu la kwanza ni tui unalitiaje. Unachagua nazi kavu, itikise usikie maji ndani, isiwe na ufa wala jicho lililolowa. Ukune kwa mbuzi, na kama una watoto hutokosa wa kugombania kukaa juu ya mbuzi mpaka waone kazi yenyewe ilivyo hapo ndo utawakosa wote. Maji ya uvuguvugu, sio ya moto na sio baridi, ukande kwa mkono, ukamue kwenye kifumbu. Linalotoka mwanzo ni tui zito, hilo weka pembeni usiliguse. Tia maji tena ukamue la pili, na la tatu ukitaka. Hayo mepesi ndo ya kuchemshia, kunde zinamalizikia kuiva humo, muhogo unaivia humo, mpaka karibu yote yakauke. Tui zito linaingia mwisho, moto mdogo, na ukishalitia usiondoke kwenda kujibu simu, simama hapo ukoroge taratibu mpaka lichemke kidogo, usifunike, maana likiachwa lichachamke peke yake linakatika unabaki na mafuta juu na vipande vipande chini. Na ndimu usitie likiwa motoni, epua kwanza. Ukali wa ndimu na moto pamoja ndo unaokata tui la watu wengi wakasingizia nazi.

Blenda natumia, sijifanyi mtu wa kale, siku ya kazi nazi inakatwa vipande inasagwa inakamuliwa na maisha yanaendelea. Tui la pakti pia lipo kabatini kwa siku za dharura ingawa ladha yake kwangu ni ya hivyo hivyo. Machicha yanayobaki nawapelekea kuku wa jirani, kwa hiyo kuku nao wananufaika na nyumba isiyowala. Ila nazi imepanda jamani, na mie nalaumu madafu, kila dafu linalonywewa pale ufukweni na mrija ni nazi moja ambayo haijafika jikoni kwangu.

Kunde na mbaazi na jamaa zao wote roweka usiku, asubuhi mwaga maji yale, tia mengine. Zinaiva haraka na tumbo linakushukuru. Mwenye presha kuka gesi yake itamdumu. Maharage mekundu peke yake ndo nnayoyawekea sharia, lazima yachemke hasa, moto mkali, dakika 10 kwa uchache baada ya kuanza kutokota, ndo upunguze moto, kwa sababu maharage yale yakiwa mabichi au yameiva nusu yana sumu yake inayotapisha na kuharisha, na moto mdogo wa kuyapasha pasha hauitoi. Mbaazi sisi ni za asubuhi, mbaazi za nazi na mandazi, na zikibaki mchana zinaliwa na wali. Ijumaa nikiwa na nafasi natengeneza mandazi mwenyewe yenye hiliki, siku nyengine nanunua kwa bibi wa mtaani ambae ya kwake, nikiri tu, yanafura kuliko yangu.

Dengu nimezijua kwa mama yangu, na yeye kazijua kwa mama mmoja wa Kihindi pale Mji Mkongwe aliekuwa akimshonea nguo. Kila akienda kupeleka nguo anarudi na kibakuli. Na ukifikiri vizuri nusu ya vitu tunavyojivunia jioni, kachori, bajia, chatne, sambusa, hata chapati, vimevuka na majahazi kutoka Gujarat na Kachi huko India, na Mabaniani wengi kwa dini yao hawali nyama, kwa hiyo hao walikuja na jiko zima la mboga lililokamilika, sisi tukachukua tulichokipenda tukakitia nazi. Zile dengu siri yake iko mwisho: zikishaiva na bizari ya manjano na chumvi, pembeni unachemsha mafuta au samli mpaka iwe ya moto kweli, unatupia uzile (bizari nyembamba), thomu iliokatwa nyembamba na pilipili kavu, vikishalia na kunukia unamwagia vyote juu ya sufuria na kufunika hapo hapo. Nyumba nzima inajua unapika nini. Watoto wangu wanakuja jikoni bila kuitwa, kitu ambacho kwa kawaida ni muujiza.

Kuna mtu aliniambia natuletea mambo ya kigeni. Dada yangu, muhogo huo unaokula kila siku umetoka Amerika, Wareno ndo waliouleta pwani hizi. Mbaazi asili yake Bara Hindi. Shelisheli limetoka visiwa vya Pasifiki huko. Karafuu yenyewe, ambayo bila ya hiyo Pemba haijitambulishi, asili yake visiwa vya Maluku na hapa imeanza kupandwa karne ya 19. Ukitaka wenyeji wa Afrika kweli kweli kaa na kunde, mtama na njugu mawe. Tuendelee.

Biringani la kupaka. Kila mtu hapa anajua samaki wa kupaka na kuku wa kupaka, na mie nilikuwa nikipita penye harufu ile ya tui linaloungulia juu ya makaa najiuliza kwa nini nikose, nnachokitaka pale sio samaki, ni kile kinachopakwa. Chukua mabiringani manene ya zambarau, usiyamenye. Yatoboe toboe kwa uma yasije yakapasuka, uyachome mazima juu ya makaa, geuza geuza mpaka ganda liwe jeusi na ukibonyeza pawe laini kote. Mwenye gesi achome juu ya moto wenyewe wa gesi, jiko atalisafisha baadae lakini harufu ya moshi ataipata. Yakipoa menya ganda, kikonyo kiache, halafu lipasue katikati bila kuliachanisha na ulitandaze kwenye trei.

Mchuzi wake: tui zito la nazi 2, thomu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili mbichi kwa kadiri ya watu wako, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, chumvi, na ukwaju kidogo sana. Weka motoni ukoroge mpaka liwe zito la kung'ang'ania mwiko, lisiwe la maji maji, likiwa la maji umepika mchuzi wa biringani ambao nao mzuri lakini sio huu. Paka juu ya mabiringani, paka mpaka kwenye pasuo zote, halafu moto juu moto chini, yani funika trei kwa bati au sinia na uweke makaa juu na machache chini, kama tunavyooka mkate wa kumimina. Likianza kukauka na kushika madoa ya kahawia, funua, paka tena. Na tena. Hapo ndo jina lake. Ovena inafaa ukiweka moto wa juu peke yake mwisho. Ukiepua kamulia ndimu na unyunyizie kotmiri, ule na wali mweupe au mkate wa ajemi. Shemeji yangu mmoja, mla nyama wa kutupwa, alikula akaifuta sahani kwa mkate, kisha akauliza na samaki anakuja saa ngapi. Nikamwambia ndo ishapita hiyo.

Ndizi mbichi pia zinakubali kupakwa, zichemshe kwanza na maganda yake. Mbatata zinakubali. Bamia hapana, usijaribu.

Majani sina mengi ya kusema. Mchicha usiuoshe baada ya kuukata, uoshe kwanza. Mchunga ni mchungu na ndo raha yake, wa nazi unalainika. Kisamvu chagua majani machanga, kitwange hasa na ukichemshe muda mrefu sufuria ikiwa wazi, sio urembo, majani ya muhogo mabichi yana sumu ya sayanaidi na kutwanga na kuchemsha ndo kunakoitoa. Bibi zetu walikuwa hawana maabara na walikuwa wanajua.

Swali linalonikera kidogo lakini nalijibu kila mara, watoto wanapata nguvu wapi. Wanapata kwenye kunde, dengu, choroko, mayai, maziwa na njugu, na wali wenyewe, maana nafaka na kunde zinajazana, kilichopungua kwa mmoja kipo kwa mwenzie. Kinachotaka akili ni viwili. Cha kwanza vitamini B12, hii kwenye mimea haimo, kwa hiyo sie tunategemea mayai na maziwa, na asiyekula hata hivyo azungumze na daktari kuhusu vidonge. Cha pili madini ya chuma, hasa kwa wasichana na kwa mama mjamzito. Kunde na mchicha vinayo lakini mwili hauyachukui kwa urahisi kama ya kwenye nyama, na kinachosaidia ni vitamini C, yani ile ndimu tunayokamulia, lile embe bichi la kachumbari, lile chungwa baada ya kula. Kinachozuia ni chai. Na sisi tulivyo na chai! Mtu anamaliza kula mbaazi na kikombe cha chai ya rangi kiko mkono wa pili. Iache ikae kidogo, saa moja hivi, ndo unywe. Kwangu mimi hii ilikuwa ngumu kuliko kuacha nyama.

Anaesema hawezi kushiba bila kitoweo cha baharini nimkumbushe Ramadhani. Angalia meza ya futari ya nyumba yoyote ya hapa, Unguja au Pemba: uji wenye pilipili manga, muhogo wa nazi, majimbi, ndizi mbichi, viazi vitamu, boga la nazi na sukari, tambi, kaimati, kunde, na ndizi mbivu zile za mkono wa tembo zilizopikwa na tui na hiliki mpaka tui limekuwa kama malai. Samaki yupo ndio, kakaa pembeni kwenye kisahani, na mara nyingi wa mwisho kuguswa. Mwezi mzima tunakula hivi na hakuna anaelalamika, tena ndo mwezi tunaousubiri mwaka mzima kwa chakula chake. Mie Ramadhani ndo mwezi nnaopumzika kujieleza. Nikipeleka sahani kwa jirani na yeye akaleta yake zinafanana, hakuna anaejua nyumba ipi inakula nini.

Muhogo wa futari, kwa wanaoniuliza: toa ule mzizi wa katikati, kata vipande, tui jepesi na kitunguu na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, chumvi, ukilainika tui zito, na ukishaepua ndimu. Pilipili ikipasuka ni shauri yako.

Na urojo. Sitaki ugomvi na mtu kuhusu urojo kwa sababu kila mtaa una wake na kila mtu wake ndo halali. Ukinunua nje sema mapema usitiwe mishkaki, basi, kilichobaki karibu chote ni mboga. Nyumbani nachemsha maji na bizari ya manjano na vipande vya embe bichi, nakoroga unga wa ngano na wa dengu kidogo kwenye maji baridi usifanye madonge, namimina taratibu huku nakoroga mpaka uzito wake uwe kati ya uji na mchuzi, chumvi, ndimu. Ndani mbatata za kuchemsha, kachori, bajia za dengu. Juu chatne ya nazi, nazi iliokunwa na kotmiri na pilipili mbichi na thomu na ndimu vyote vimesagwa pamoja, halafu chipsi za muhogo zilizokaangwa zikawa kavu, unazivunja juu wakati wa kula sio kabla. Yai la kuchemsha kwa anaetaka. Msimu wa embe ukipita ukwaju unashika zamu, na kusema kweli mie wa embe ndo nnaouita urojo ule mwengine nakula tu.

Idi kubwa ndo siku yenye mtihani kidogo maana watu wanachinja, nyama inagawiwa, na nyumba yangu inaletewa kama nyumba nyengine. Siirudishi, haiwi adabu, inakwenda moja kwa moja kwa wenye haja na sisi tunabaki na pilau yetu. Pilau bila nyama watu wanaikosea kwa kuacha kila kitu vile vile na kutoa nyama tu, halafu wali unatoka mweupe una harufu ya dawa. Supu imeondoka, weka kitu mahali pake. Mie natumia maji yaliyochemshia dengu nzima, zile za duara, nazo zenyewe zinaingia kwenye pilau badala ya nyama, na vitunguu navikaanga mpaka karibu vitake kuungua kwa sababu rangi yote ya pilau inatoka hapo. Uzile, hiliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu chache, chache nimesema, karafuu ikizidi ulimi unakufa ganzi. Mbatata zikaange kwanza zishike rangi. Kachumbari na ndizi mbivu pembeni, na mama mkwe mwaka huu alijipakulia mwenyewe bila kuuliza kitu, kisha akaniagiza nimfungie na ya kwenda nayo.

Nimalizie na shelisheli kwa sababu watoto wa mjini siku hizi hawalijui na linanisikitisha, mti mmoja unalisha mtaa. Utalijua limekomaa ganda likianza kuelekea manjano, zile chunusi zimelala na kuna utomvu uliokauka juu yake. La kijani kabisa chunusi zimesimama bado, likiwa laini la kubonyea limeshaiva limekuwa tamu, hilo ni la mapishi mengine. Paka mafuta kwenye kisu na mikononi kabla ya kulikata, utomvu wake haukubali sabuni. Menya, toa moyo wa kati, kata vipande, halafu pika kama muhogo wa nazi na bizari ya manjano kidogo, au kata nyembamba ukaange utie chumvi na pilipili ya unga, na hizo chipsi zikiwekwa mezani mbatata hazitazamwi. Huku mjini yanapatikana kwa bahati tu, Mwanakwerekwe nikifika mara nyingi nakuta yameshaisha au yameshaiva. Kwa hiyo ndugu zangu wa Wete na Konde huko Pemba mwenye mti unaozaa mpaka unadondosha chini anambie, boti zinakuja kila mara, nauli ya gunia naitoa mie.